Kitambala yenye haikufika Misisi

Habari ya Nadège imeshafika Swima, imeshafika Lusenda, na kila fasi inafika banaiongezea chumvi. Kuko benye banasema alitembea juu ya mayi. Uongo! Alisimama kando ya mayi, kichwa wazi kama ya mutoto mwenye ametoka kuoga. Na vile ilitokea kweli ni tamu kupita chumvi yabo yote.

Kwanza mumujue. Nadège, Mama Dieumerci, njo ule mwenye anaanzishaka nyimbo mu korale ya bamama pale Baraka. Akifungua kinywa, hata benye banapita na magunia ya makala ya kupikia banasimama kwanza. Bwana yake, Casimir, alikuwa muvuvi. Alikuwa, juu ziwa ilipanda. Ikapanda tena. Ikakula kiwanja, ikakula jikoni, na asubui moya nyumba yote ikaikaa chini polepole kama mwanamuke mwenye amechoka, ikabakia bati tu juu ya mayi. Mutumbwi ikaenda na mawimbi. Muhogo yenye ilikuwa mu shamba ya bondeni ikaoza yote. Kisha Dieumerci, kitoto ya kunyonya, akakamatwa na kolera, akapona kwa kamba nyembamba. Casimir akaangalia bibi na mutoto chini ya bashi ya plastiki, mu lupango, ndani ya ua ya Zubeda jirani yabo, akasema:

"Mama Dieumerci, mi naenda Misisi. Nitachimba zahabu paka tupate fasi ya kuanzia."

Akaenda. Na mulima ikamuangukia.

Sasa, kule ku mashimo ya zahabu, kikundi ya Casimir iko na desturi yabo, na bila hii desturi hamutasikia utamu. Shimo ikiangukia muntu, benzake banachimba. Banapokezana, habaulizane kama iko muzima ao amekufa. Kintu moya tu njo inaweza kubasimamisha: kitambala ya bibi yake. Bibi akikubali kama bwana amekufa, anavua kitambala ku kichwa mbele ya famille, anaipatia ndugu ya bwana, na ule ndugu anaipeleka paka ku shimo. Bachimbaji bakiiona, banaweka bitiyo ya kuchimbia chini, banafunika kinywa ya shimo na matawi, basi, shimo imekuwa kaburi. Na kitambala ikishatoka vile, mukono ya mwanamuke mwenyewe hairuhusiwe kuifunga tena. Mukono moya tu njo iko na ruhusa, ya bwana. Na bwana, si amekufa?

Munaelewa sasa Nadège alikuwa amebeba nini ku kichwa? Kipande ya kitambaa ya manjano yenye maua ya zambarau, Casimir alimununulia siku ya batizo ya Dieumerci. Ikibakia ku kichwa, bitiyo inapiga. Ikitoka, kimya.

Famille ikakuya kumuomba aitoe. Akakatala. Bakarudia, akakatala. Lakini musimuone kama shujaa! Usiku anashika ile kitambala na mikono mbili kama muntu mwenye upepo inataka kumunyanganya. Kuimba ilishindikana. Kuomba pia. Bamama ba korale banakuya kila mangaribi, banaimba kwa fasi yake, ye anaikaa tu pale kati yabo, mutoto ku maziwa, na maziwa yenyewe inaanza kukauka.

"Mama Aline," aliambia bibi ya pasta siku moya, "mi sina tena imani. Nikitafuta mu roho naona tu bunga ya mwisho, ile ya kupangusa ku kitunga."

Mama Aline akasukuma muguu ya Dieumerci kidogo, akacheka pole.

"Pangusa hiyo hiyo, binti yangu. Mungu hajawahi kukatala kitunga juu haijae."

Kisha mvula. Mvula gani! Ilinyesha kama vile muntu alisahau kufunga bomba kule juu. Antene ikakufa, rezo ikapotea, telefone zikawa kioo ya kujiangalia tu. Habari ya mwisho kutoka Misisi ilikuwa imeletwa na muchuuzi moya wa mafuta ya mawese: banachimba bado, lakini ile sauti yenye ilikuwa inajibu kutoka ndani, ile ya nyundo ku jiwe, haisikiki tena.

Asubui yenye ilifuata, Norbert akaingia mu lupango. Norbert ni yaya ya Casimir, ndugu yake wa kwanza, mukubwa wa famille, muntu wa sauti nzito na shati ya kufunga paka ku shingo. Nyuma yake bajomba, bashangazi, bote na nyuso ya kilio.

"Shemeki," akasema, "tumengoja."

"Tungoje tena, yaya Norbert."

"Bantu banatucheka. Banasema sisi hatujue kulilia ndugu yetu."

"Bacheke. Meno ni yabo."

Zubeda, mwenye lupango, alikuwa anakaanga mikate mu mafuta. Akageuka na kijiko ya kutobokatoboka ku mukono.

"We Norbert, wallahi, uko na haraka ya kilio kama muntu mwenye amesikia harufu ya pilau!"

"Mama Zubeda, hii ni mambo ya famille."

"Na hii ni lupango yangu. Famille yako ikitaka kusema bila mi kusikia, iende ikasemee barabarani na mbuzi."

Shangazi moya akacheka, akafunika kinywa mbio. Lakini Norbert hakucheka. Akachuchumaa mbele ya Nadège, na kumbe macho yake ilikuwa nyekundu, ya muntu mwenye analiaka kwa kujificha.

"Shemeki, uniangalie. Ule ni mudogo wangu. Nilimubeba ku mugongo tukikimbia vita, nikamufundisha kuogelea. Unafikiri mi nafurahia? Lakini bale batoto ba bantu banachimba mu mvula, udongo inateleza. Mulima ikiangukia na bo, ni nani atabalilia? Ni kitambala yako njo itakuwa imebaua."

Ayi. Ile neno ikaingia.

Nadège akaangalia mutoto. Dieumerci alikuwa ananyonya, anaacha, analia, ananyonya tena, hapati kintu. Akaangalia bashi yenye inavuja. Akatafuta mu roho ile bunga ya mwisho, akapangusa, akaona hata hiyo hakuna. Mikono yake ikapanda yenyewe. Ikafungua fundo. Kitambala ikateleza, na Norbert akaipokea na mikono mbili kama vile banapokeaka mutoto.

Mafuta ya Zubeda njo ilikuwa inalia peke yake mu karai.

Norbert akaweka kitambala mu sashi ya plastiki, sashi mu kifua, akapanda pikipiki nyuma ya motari mwenye kumuendesha, bakaenda. Bashangazi bakaanza kupanga kuni kwa moto ya kilio. Na ni kawaida: mujane njo anaanzaka kuita jina ya marehemu, kisha bengine banapokea. Bamama ba korale, benye balikuya na bashangazi, bakasimama, bakamungoja.

Nadège akafungua kinywa. Hewa ikatoka, jina ikakatala.

Akafunga macho. Akasema ndani, bila sauti, maneno yenye hakuna pasta angemufundisha: *Mungu, mi nimeshindwa. Nimeacha. Kama uko, ushike we.*

Na pale! Pale njo kitu ikatokea. Haikuwa ndoto, haikuwa sauti. Ilikuwa wepesi. Kama ule mwenye ametua ndoo yenye alibeba toka mbali, na shingo inarudia fasi yake. Akaelewa kama siku hizi zote alifikiri ni ye, Nadège, njo anashikilia ule mulima na kichwa yake, usimumalize Casimir. Na kitambala ilikuwa kamba yake. Lakini mulima haijawahi kushikwa na kitambala. Kuko Mwenye aliishika toka mwanzo.

Kisha wazo ya pili ikafuata ile ya kwanza mbio kama mwana-mbuzi nyuma ya mama yake: *kumuachia Mungu muntu, haiko kumuzika!*

"Zubeda!" akapiga kelele. "Zubeda, mudogo wako iko wapi na pikipiki yake?"

"Waziri? Iko analala kama gogo. Juu ya nini?"

"Nimekosa! Nimepatia Norbert kitambala, na mi sijakubali kama bwana yangu amekufa. Nilikubali tu kama mi nimechoka!"

Zubeda akatupa kijiko. Mikate ikaungua yote, na paka leo hajaililia. "Waziri! Amuka we muvivu, leo Mungu anatafuta motari!"

Shangazi akasimama mbele ya mulango. "Mwanamuke wa kilio haendake njia!"

"Hakuna kilio, mama," Nadège akamujibu huku anafunga Dieumerci ku mugongo. "Muache kuni. Ao mupike na hizo kuni chakula, nikirudia nitakuwa na njaa."

Ee! Shangazi akaguna. Lakini kuni akaacha.

Njia ya kwenda Fizi, ile inaendelea paka Misisi, siku ile haikuwa njia, ilikuwa supu. Waziri anakata huku, anakata kule, matope inaruka paka ku masikio. Upepo inapiga Nadège ku kichwa wazi, bantu ku kando ya njia banamuangalia, banaguna: *mujane huyu, anakimbilia wapi?*

"Mama Dieumerci," Waziri akasema, "nikuambie kweli? Ule motari wa Norbert iko na pikipiki mupya. Sisi hii yangu ni ya marehemu baba. Hatumufikie."

"Endesha tu."

"Naendesha. Nasema tu ujue."

"Waziri, mi najua tangu lupango kama hatumufikie. Endesha vile vile."

Waziri akaanza kusema *bismillahi* chini ya pumzi kila fasi yenye teleza, na Nadège anaitika *amina*, na hivyo njo pikipiki ya marehemu ikapanda, ikashuka, ikazima, ikawaka, paka bakatokea ku muto, mbele ya kupanda mulima.

Kilalo ya kuvukia muto haiko. Mvula ilikuwa imeibeba, mbao na misumari. Muto imejaa, nyekundu kama mafuta ya mawese, inabeba migomba mizima na mizizi yabo. Huku ngambo, bantu, bapikipiki, kuku mu bitunga, bote banangoja mayi ipunguke. Na pale, juu ya jerikani ya manjano, shati imelowa paka ku shingo: Norbert.

Nadège akashuka mbele pikipiki isimame.

"Yaya! Kitambala yangu!"

Norbert akageuka kama vile ameona muzimu. "Shemeki? Umefuata nini huku?"

"Nirudishie. Sikukubali. Casimir hajakufa mu kinywa yangu, na shimo isifungwe juu yangu."

"Lakini imeshatoka ku kichwa, Nadège. Hairudiake. We mwenyewe unajua ni mukono gani tu njo…" Akashindwa kumaliza. Akashika kifua, kule sashi ilikuwa. "Tangu asubui mvula inanifungia hapa. Nimetukana hii muto paka nimeishiwa na matusi ya Kibembe, nikaanza ya Kifaransa."

"Usiitukane," Nadège akasema. Na akaanza kucheka na kulia pamoja, juu amekumbuka vile alilaani ile mvula usiku muzima chini ya bashi. "Yaya, usiitukane! Kama haikujaa, ungekuwa umefika."

Ni hapo njo kelele ikaanza ku ngambo ingine.

Kule pia bantu balikuwa banangoja. Pikipiki moya ilikuwa imefika kutoka juu, imejaa matope, na nyuma ya motari kuko mwanaume iko na muguu imefungwa na bijiti na kamba, mukono moya ku bega ya motari, mukono ingine ku ndizi. Anakula ndizi! Amekonda kama ufagio, nywele imejaa udongo. Lakini ile namna ya kumenya ndizi, kwa kuanzia ku matako na siyo ku shingo… Nadège aliijua mbele ya kujua uso.

"Casimir," akasema. Polepole, kama muntu mwenye anaonja chumvi. Na ile jina yenye ilikatala kutoka mu kilio, ikatoka sasa na nguvu yake yote: "CASIMIR!"

Ule mwanaume akainua kichwa. Ndizi ikaanguka.

Norbert akasimama, akaikaa, akasimama tena. Akazungusha mikono ku kinywa. "We kule! Uko muntu ao uko muzimu?"

Sauti ikakuya juu ya mayi, nyembamba, lakini ni yake: "Yaya Norbert! Muzimu anakulaka ndizi?"

"Uniambie mama yetu ni nani, kama ni we!"

"Ni ule mwenye alikuchapa juu uliuzisha sahani yake ya batizo, ukasema ni mi!"

Bantu ba ngambo zote mbili bakapasuka kicheko. Norbert hakucheka, alipiga magoti mu matope na shati yake ya kufunga paka ku shingo, akalia kwa sauti, mukubwa muzima, bila aibu. Kisha akatosha sashi mu kifua, akaiinua juu.

"Mudogo wangu! Unaona hii?"

"Kitambala ya bibi yangu! Unaipeleka wapi?"

"Nilikuwa naenda kukuzika nayo, mupumbafu we!"

Bale bijana benye nguvu, benye banabebaka pikipiki ku miti kila kilalo ikivunjika, bakaambizana kitu, na bane babo bakaingia mu mayi na kamba. Mayi ilikuwa imeanza kushuka, ikabafika ku kifua. Bakamuweka Casimir ku mabega kama vile banabebaka bibi-harusi. Muntu moya akauliza ni nani atabalipa. "Funga kinywa," mukubwa wabo akamujibu, "hii ya leo ni yetu na Mungu."

Nadège anaangalia. Bakiyumba, anayumba. Na pale mu kati ya muto, kule mayi inavuta zaidi, bakasimama, habawezi mbele, habawezi nyuma.

Njo Nadège akaimba.

Hakuchagua. Ilitoka. Ile sauti yenye ilikuwa imekauka pamoja na maziwa ikatoka yote, na haikuwa wimbo ya mu kitabu, ni maneno yenye hayakuwa bado mu dunia:

"Mukono yako ilinifikia mbele ya kilio yangu!"

Mama moya mwenye kuku akapokea. Motari akapokea. Waziri, Muislamu wa kuzaliwa, akapokea kupita bote. Ngambo ile ikajibu ngambo hii, na bale bijana bane bakapata mwendo wa wimbo, muguu na muguu, muguu na muguu, paka udongo ngumu.

Bakamuweka chini mbele ya Nadège. Kwa dakika hakuna mwenye aligusa mwenzake.

"Maisha yangu, unanuka udongo," Nadège akasema.

"Na we uko kichwa wazi. Nani amekufa?"

Kisha Casimir akaeleza vile ilikuwa, kwa haraka, maneno inagongana. Kule ndani ya shimo, balikuwa batatu, na bote batatu bametoka. Nyundo ilibapotea mu mayi, njo maana habakupiga tena. Na mayi yenyewe, ni ile mvula: ilipenya mu mulima, ikashuka ku jiwe tone na tone, na bo banalamba jiwe. "Ile mvula, Mama Dieumerci, njo ilitunyonyesha. Na kila asubui, benzetu baliniambia, mukubwa wa shimo alikuwa anauliza: kitambala ya bibi ya Casimir imefika? Haijafika. Basi, chimbeni."

"Bakakutosha lini?"

"Jana, jua ikiwa juu. Rezo hakuna, nikasema nikimbie mbele hamujanililia."

Jana. Nadège akaikaa chini mu matope. Jana! Leo asubui, wakati mikono yake ilikuwa inafungua fundo, wakati kitunga ilikuwa tupu tupu, Casimir alikuwa tayari mu njia, muguu umefungwa, anatafuta ndizi. Nguvu ya Nadège ilimufikisha paka fasi ilihitajika, haikuzidi hata kidogo. Na pale iliishia, kazi ilikuwa imeshaisha.

"Nimeshindwa leo asubui," akamuambia. "Nimeitoa, Casimir. Nakuambia ujue. Nimeitoa."

Casimir akamuangalia. Kisha akanyosha mukono kwa Norbert bila kugeuka.

"Yaya, lete."

Norbert akafungua sashi. Kitambala ilikuwa kavu, kintu pekee kavu mu Fizi yote. Casimir, na bidole yake yenye kuchubuka, kucha mbili hakuna, akaiweka ku kichwa ya bibi yake, akaizungusha nyuma, akafunga fundo. Vibaya! Hajawahi kufunga kitambala mu maisha yake, ikaenda upande kama kofia ya mulevi. Mama mwenye kuku akanyosha mukono kumutengenezea.

"Usiguse!" bantu bote bakapiga kelele kwa sauti moya.

Na vile vile, upande, njo Nadège aliingia nayo Baraka, batatu ku pikipiki ya marehemu baba ya Waziri, Dieumerci ku mugongo, Norbert mbele na pikipiki mupya anapiga honi kama muntu wa harusi. Nyumba bado iko chini ya mayi, muhogo bado imeoza, bashi bado inavuja. Lakini mu lupango ya Zubeda zile kuni za kilio zilikuwa zinawaka chini ya sufuria kubwa ya bukari, ugali yetu, shangazi iko anakoroga, jasho inamutiririka.

Akainua uso, akamuona Casimir, mwiko ikabakia imesimama mu bukari.

"Mama," Nadège akamuambia huku anashuka, "si nilisema nitarudia na njaa?"